Ugonjwa Umo Ndani ya Seli

Jumatatu, 9 Januari

Mwanangu,

Shikamoo yako naijua iko njiani, basi marahaba kabla haijafika. Mimi mzima, ni mgongo tu unaoamka mapema kuliko mwenyewe. Wewe hujambo? Maabara yenu hiyo ya hospitali bado mnashinda mmeinamia hadubini? Shingo yako ni ya baba yako marehemu, haipendi kuinama. Iangalie.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ipo. Kwenye simu nikianza tu unasema "mama usilie", na mazungumzo yanaishia hapo. Kwenye barua nalia kwanza, nikimaliza ndipo naandika. Darasa la nne nililoishia linanitosha kwa hilo.

Mdogo wako amepanda basi leo asubuhi kama ulivyotaka, umpime. Mtu wa kumi na mbili kwenye foleni, nilimhesabu kwa sababu alikuwa akimkanyaga wa kumi na moja. Mwanangu, hutamtambua. Wewe unamkumbuka Rula yule aliyeitwa Rula kwa kuwa alipiga mstari bila rula, akachora vibao vya nusu ya maduka ya hapa. Huyu wa sasa herufi zake zinaelea kama nguo kwenye kamba. Karakana imemwachisha kazi tangu alipoanguka na ngazi. Akiongea, maneno yanatoka yamelowa. Akinywa maji anapaliwa. Miaka ishirini na miwili, anatembea kwa kushika kuta.

Yeye anasema hanywi. Kabla ya mwaka jana alikuwa akiapa. Tangu mwaka jana anasema ameacha. Mimi sijui nisadiki lipi. Naamini pombe imemla mishipa, na huko mna dawa ya kusafisha.

Usimkaripie siku ya kwanza. Mpe chakula laini. Akicheka bila sababu mwache, siku hizi kicheko kinamtoka chenyewe.

Nyumba ya wageni tumejaa, vyumba vyote kumi na moja. Shuka zangu haziishi. Niandikie upesi.

Mama yako

*

Alhamisi, 2 Februari

Shikamoo mama.

Hatujambo sote wawili. Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa nasubiri majibu ya vipimo ili nisikuandikie nusu.

Rula anakula. Anakusalimia sana. Jana alinichekesha, alisema kitanda changu ni kifupi hadi miguu yake inalala kwa jirani.

Mama, wamempima damu, wakamchukua na kipande kidogo cha ngozi, kikapelekwa mbali kwenye mashine ambayo sisi hatuna. Majibu yamekuja. Si malaria, si kichaa, si mambo ya watu. Ugonjwa wake umo ndani ya seli. Umekuwa humo muda mrefu bila mtu kujua. Dawa ya kuutoa sijaipata, lakini naendelea kuuliza.

Naandika haraka, zamu yangu inaanza. Nitaeleza vizuri barua ijayo. Usiwe na wasiwasi sana.

Bintiyo

*

Jumatano, 8 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi niko, siwezi kusema mzima. Unaniambia nisiwe na wasiwasi sana, kwani wasiwasi una kipimo, niutie kijiko kimoja?

Nilipofika kwenye neno seli nilikaa chini. Shuka nilizokuwa nimebeba nilizikalia. Kumbe ni seli. Nilijua. Moyo wa mama haudanganyi, unanyamaza tu.

Sasa niambie bila kunificha: ni kitu gani cha mle? Ni ile sakafu ya saruji? Alilalia boksi, nilimpelekea blanketi wakakataa kulipokea. Ni ndoo? Walikuwa tisa na ndoo moja. Au ni maji? Alivyotoka alisema maji yake yalikuwa na ladha ya msumari. Na ulijuaje wewe, au amekueleza mwenyewe? Nilidhani tumekubaliana lisitoke nje ya nyumba.

Zilikuwa siku tatu tu, mwanangu. Ijumaa mpaka Jumatatu. Watu wanakaa humo miezi na wanatoka wanatembea wima. Iweje wa kwangu siku tatu zimwingie mwilini?

Walimchukua kwa ulevi. Ndiyo ulevi ule ule wa kupepesuka. Hakupiga mtu, hakuiba. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa kwenye mitihani yako ya mwisho, na aibu ni kama moshi, ukifungua dirisha ndipo jirani anajua unapika.

Kama daktari anataka kujua ni kituo gani, nitamwandikia mwenyewe. Nitakwenda hata kwa huyo sajenti nimuulize sakafu yao wanaideki na nini.

Nijibu leo leo.

Mama yako

*

Alhamisi, 16 Februari

Shikamoo mama,

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye korido, nikaisoma tena nimekaa. Rula alifungwa lini? Kwa nini mimi sikujua?

Nitarudi huko. Kwanza nikutoe hofu moja, kosa ni langu. Neno ni moja, vitu ni viwili. Seli ninayoisema mimi si ya polisi. Mwili mzima, wako na wangu, umejengwa kwa vyumba vidogo ambavyo jicho halivioni, ndiyo maana tunainamia hadubini. Chumba kimoja kinaitwa seli. Aliyechagua jina hilo simjui, lakini leo ningempata angenieleza.

Sasa sikiliza, nimetafuta namna ya kukueleza usiku na mchana. Chukua nyumba yenu ya wageni. Seli moja ndiyo nyumba nzima. Nje kuna ukuta na mlinzi anayeamua nani aingie na nani abaki nje, huo tunauita utando. Ndani kuna ofisi ya meneja, ndiyo kiini. Ofisini kuna kitabu cha maagizo yote, na kitabu hakitoki hata kwa dawa. Kinachotoka ni nakala ya ukurasa mmoja. Nakala inakwenda kwa mafundi wadogo sana, ribosomu, wanaosoma na kutengeneza kilichoandikwa. Wengi wamejipanga kwenye korido zenye kona nyingi, korido hizo jina lake ni refu kama treni, nakusamehe. Kilichotengenezwa kinapita korido, kinafika chumba cha kupigia pasi, kinaitwa Golgi. Hapo kinakunjwa, kinabandikwa namba, kinapelekwa chumba chake. Jenereta zipo, mitokondria. Zinachukua chakula zinakigeuza kuwa nguvu, zikizimika nyumba yote giza. Vitu vyote hivyo vya ndani kwa pamoja vinaitwa oganeli, kila kimoja na kazi yake, hakuna anayekaa bure.

Na nyuma kabisa, kwenye stoo, kuna lisosomu. Huko ndiko uliko wewe, mama. Shuka ikichakaa huitupi. Unaikata foronya. Foronya ikichakaa unaikata matambara ya kudekia. Lisosomu inafanya kazi hiyo hiyo, inapokea vilivyochakaa, inavikata vipande vidogo, vinatumika tena. Mikasi yake ndiyo vimeng'enya, na kila aina ya uchafu ina mkasi wake.

Kwenye seli za Rula mkasi mmoja haupo. Ukurasa wa kuutengeneza una kosa. Wafanyakazi wote wapo, jenereta inanguruma, mlinzi yuko mlangoni, lakini kuna mafuta ya aina fulani yanayotakiwa kukatwa na mkasi ule, na hakuna wa kuyakata. Yanarundikana stoo. Stoo ikijaa yanasukuma mlango. Mwisho korido hazipitiki. Mafuta hayo yako mengi kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, na seli za ubongo zikiharibika hazijengwi nyingine. Ndiyo maana anapepesuka. Ndiyo maana ulimi mzito, mkono umepoteza mstari, maji yanampalia. Hata kile kicheko.

Kwa hiyo mama, Rula hakuwa mlevi. Sijui niliandikeje hili. Hakuwa amelewa hata siku moja.

Sasa niambie habari za polisi.

Bintiyo

*

Ijumaa, 24 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Afya ipo.

Barua yako niliisoma stoo, kati ya marundo. Nikaisoma tena kwa mlinzi, kwa sababu neno la peke yako linapotea. Mlinzi amefurahi kusikia yeye ni utando. Tangu juzi wageni wakifika anawaambia, "Simameni hapo, utando haujawaruhusu." Lakini anasema umekosea kwa meneja, wa kwetu hana kitabu, ana mdomo. Nimecheka kidogo. Halafu nikakumbuka nacheka nini.

Nina maswali, usichoke. Kama ni mkasi mmoja tu, hauwezi kuazimwa? Mimi mkasi ukipotea naazima kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Hakuna mtu mwenye mkasi wa ziada? Mimi nina wangu, nichomeni sindano muutoe, mimi stoo yangu haina haraka.

La pili. Huo ukurasa wenye kosa, nani aliandika?

La tatu. Alianza lini kukosa? Maana alikuwa mtoto mzima. Alitembea kabla ya wewe. Wewe ulikaa kama gunia mpaka jirani akanipa pole.

Kila jioni miaka miwili, akiingia nilimwambia, "Pumua." Alikuwa akipumua usoni kwangu, mtu mzima mwenye ndevu. Sikusikia harufu hata siku moja. Ungefikiri ningesema basi, hanywi. Nilisema huyu amekuwa fundi, anatafuna majani ya mpera kuficha. Nikamnusa na vidole.

Habari za polisi nitakuandikia. Leo nina shuka za vyumba vinne.

Mama yako

*

Ijumaa, 10 Machi

Shikamoo mama.

Naanza na la mkasi. Nimeuliza kila mwenye masikio. Kuna magonjwa ndugu wa huu ambayo watu wanatiwa kimeng'enya kwa dripu, wanapata nafuu. Wa Rula uko kwenye ubongo, na ubongo una mlinzi mkali kuliko wote, ukiuleta mkasi mlangoni anaurudisha. Wako wanaojaribu njia nyingine, lakini haijafika kwa watu. Haitafika kwa wakati wetu.

La ukurasa. Kila mtu ana vitabu viwili, cha mama na cha baba. Chako kina kosa kwenye ukurasa ule, na cha baba kilikuwa na kosa hilo hilo. Nyinyi hamkuugua kwa sababu kila mmoja alikuwa na kitabu kingine kizima, kikafanya kazi ya viwili. Rula alipewa kurasa mbovu zote mbili. Hukuchagua, baba hakuchagua. Aliyekosea kunakili aliishi kabla ya bibi wa bibi yako. Nimepima na mimi, nina ukurasa mmoja mbovu na mmoja mzima. Kwa hiyo mimi ni kama wewe.

Ugonjwa alizaliwa nao. Stoo yake ilichukua miaka kujaa tu, kwa sababu mkasi wake si kwamba haukuwapo kabisa, ulikuwa butu.

Anaongea kidogo sana sasa. Mimi namwelewa, wauguzi hawamwelewi. Akili yake ipo, mama, ila daktari anasema hata hiyo haitakaa. Kila siku ananiuliza neno moja, "Mama?" Namwambia yuko njiani.

Njoo. Na unieleze habari za polisi, hukunijibu.

Bintiyo

*

Ijumaa, 28 Aprili

Mwanangu,

Najua ni wiki saba. Najua ulituma ujumbe kwenye simu ya meneja mara tatu. Nilimwambia akujibu shuka ni nyingi. Shuka hazikuwa nyingi. Wageni walikuwa watatu.

Naandika hii mara ya tano, nne zimeshakuwa moto wa kuchemshia maji.

Nilikuandikia kwamba walimchukua. Maneno yale yalikuwa ya kujificha. Hakuna aliyemchukua. Siku ile ya Ijumaa alitoka karakana, akaanguka kwenye mtaro mbele ya watu, kopo la rangi likamwagika, watoto wakawa wanamwigiza anavyotembea. Mimi nilikuwa natoka kazini na beseni. Nikamwona. Mwanangu, sikwenda kumwinua. Nilikata kona nikaenda kituoni.

Nikamwambia sajenti, njoo umchukue mwanangu, mtie ndani mpaka pombe imtoke. Akatuma askari, wakamleta, mimi nimejificha nyuma ya mlango, wakamtia mahabusu. Sajenti akamsogelea, akarudi kaunta akaniambia, "Mama, huyu hanuki chochote. Mpeleke hospitali."

Polisi aliona. Mtu ambaye hakumzaa, kwa dakika moja, pale kaunta, aliona.

Nikamwambia, wewe humjui huyu, mimi ndiye namjua. Nikamwambia habari ya majani ya mpera. Nililia mpaka sajenti akaona aibu. Akasema basi mama, kwa heshima yako, tutamkalisha mpaka Jumatatu. Kwa heshima yangu.

Jumatatu alipotoka alikuja moja kwa moja kunipigia magoti. Ilimchukua muda kupiga magoti, mguu ulikuwa unagoma. Akasema, "Mama nisamehe. Nimeacha." Nilifurahi. Niliwaambia watu jela ndogo imemfundisha mwanangu kuliko maneno yangu. Nililala usingizi mzuri, nakuambia kweli, mwaka mzima.

Basi wewe unasema kuna seli mbili. Mimi naona ya kwako alizaliwa nayo, na ya kwangu nilimtafutia.

Barua hii usimsomee. Hajui kama ni mimi. Nataka nimwambie mwenyewe, kwa mdomo huu huu uliosema kwa sajenti, kabla akili yake haijaondoka. Ndilo ninaloliomba, nimkute anaelewa. Lakini kila nikishika mkoba miguu inakataa. Namwogopa mwanangu. Naogopa atanipigia magoti tena.

Mama yako, kama bado unaniita hivyo

*

Alhamisi, 15 Juni

Shikamoo mama.

Bado nakuita hivyo.

Nilikaa kimya kwa hasira, sitakudanganya. Nilitembea na barua yako kwenye mfuko wa koti la maabara, kila nikiigusa mkono unaungua. Nilikuwa naandika moyoni mambo ambayo ukiyasoma ungeyabeba mpaka kaburini.

Halafu siku moja nikiwa namlisha uji, kijiko kimoja, tunangoja, kijiko kingine, nikakumbuka simu. Mwaka juzi alinipigia jioni. Ulimi mzito, maneno yanagongana. Alikuwa anataka kuniambia ameanguka. Nikamwambia, "Ukilewa usinipigie." Nikakata. Mimi, mtu wa maabara, ninayeziangalia seli kila siku iendayo kwa Mungu. Wewe uliishia darasa la nne. Mimi nina kisingizio gani?

Sikumsomea barua yako. Nilimuuliza tu, taratibu, siku zile za polisi zilikuwaje. Alichukua nusu saa kunijibu, nakuandikia jinsi nilivyomwelewa. Alisema mahabusu yao ilipakana na kaunta. Alikusikia, mama. Alisikia yote, la hospitali na la majani ya mpera.

Anajua tangu siku ile.

Nikamuuliza, sasa kwa nini ulimwambia mama umeacha, na ulikuwa hunywi? Akatafuta maneno mpaka jasho likamtoka. Akasema, "Mama alikuwa halali usiku."

Basi. Ndiyo jibu lake lote.

Njoo. Jumapili alikuwa na homa, chakula kimemwingia mapafuni. Imeshuka, lakini daktari hacheki tena akiingia. Bado anaelewa. Usitafute maneno, njoo na mikono mitupu.

Bintiyo

*

Jumanne, 20 Juni

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Nakuja. Nimeomba ruhusa, meneja akaanza na mdomo wake, mlinzi akamwambia, "Mzee, huyo mwache apite." Basi la Ijumaa alfajiri, nimeshakata tiketi, tena siti ya dirishani. Hii naitia posta leo. Karatasi ya pili si yako, ni ya mdogo wako. Msomee ikinitangulia.

Mama yako

Rula wangu,

Mama anakusalimu. Usijibu, tunza pumzi.

Dada yako ameniambia ulisikia. Basi sina la kukuficha. Nilikuwa nimejiandaa kukuungamia, kumbe mwenzangu ulishanisamehe na kunidanganya juu yake ili nilale. Mtoto gani anamlaza mama yake? Nakuja nikulaze mimi.

Naomba radhi yako. Watu husema mtoto ndiye huomba radhi kwa mama. Sisi tumeshageuza mengi, na hili tuligeuze.

Sasa nikupe habari za mjini. Meneja ametaka kibao kipya, kile chako alisema rangi imepauka. Akaleta mchoraji mgeni, mtu mzima, mwenye kofia, hanywi hata soda. Kashinda kutwa juu ya ngazi. Herufi zimenyooka, siwezi kumnyima haki yake, zimenyooka kama msumari. Akashuka, tukarudi nyuma kutazama. Kaandika KABURINI WAGENI.

Kibao kilikaa siku mbili kabla meneja hajakiona, yeye huingilia mlango wa nyuma. Mgeni mmoja alisoma, akasoma tena, akarudisha begi kwenye gari. Mlinzi anasema angalau nyumba moja duniani imewaambia wageni ukweli.

Wewe hata ulipokuwa unapepesuka hukuwahi kukosea herufi. Nilitaka ulijue hilo. Niliwaambia wote pale.

Nakuja Ijumaa. Ningoje.

Mama

*

Alhamisi, 22 Juni
Ujumbe kwa simu ya meneja, saa nne asubuhi

Shikamoo mzee. Tafadhali mwite mama, umkalishe kwenye kiti, umsomee polepole. Mama, usisafiri kesho. Rula ametutoka leo saa kumi na moja alfajiri, homa ya mapafu ilirudi. Hakuhangaika. Nilikuwa nimemshika. Ngoja hapo hapo, tunakuja naye.

*

Jumamosi, 15 Julai

Mwanangu,

Salamu. Natumaini ulifika salama na kazi umeianza. Mimi nakula, mpishi wa hapa ananisimamia kama askari.

Kuna jambo sikukuuliza ulipokuwa hapa, nyumba ilikuwa imejaa watu. Siku ya maziko, wakati wanawake wameniinua, uliniambia sikioni, "Nilimsomea barua yako, mama. Alicheka." Neno hilo ndilo lililonivusha ile siku. Nilitembea nalo kama fimbo.

Sasa nataka kujua. Alicheka wapi? Ni kwenye neno gani? Na kile kicheko, kilikuwa cha ugonjwa au chake mwenyewe?

Mama yako

*

Ijumaa, 21 Julai

Shikamoo mama.

Nimezunguka na swali lako siku nzima. Nilikuwa na majibu matatu mazuri. Lakini katika nyumba yetu kila mtu amemdanganya mwenzake ili alale, na tazama tulipofika.

Hakucheka, mama. Hakusikia. Barua ilifika Ijumaa mchana, yeye alikuwa ameondoka Alhamisi alfajiri. Niliikuta mapokezi nilipokwenda kusaini karatasi zake. Nikarudi nayo wodini, kitanda kilikuwa kimeshatolewa shuka, nikakaa pembeni ya godoro. Nikamsomea hivyo hivyo, kwa sauti, yote. Muuguzi alidhani nimechanganyikiwa.

Nilipofika kwenye kibao nilicheka mpaka nikashika kitanda. Aliyecheka ni mimi.

Nisamehe.

Bintiyo

*

Alhamisi, 27 Julai

Mwanangu,

Marahaba.

Barua niliitia posta Jumanne jioni. Inachukua siku tatu, mtoto wa darasa la nne anaweza kuzihesabu. Nilizihesabu palepale makaburini, ulipokuwa bado umeniinamia sikioni.

Niliuliza tu kwa kuwa nilitaka nione utamchagulia acheke wapi.

Umechagua nilipochagua mimi, pale kwenye kibao. Basi. Mwezi ujao ukipata ruhusa njoo, hata siku mbili. Kitanda chake kipo, nimekitandika.

Mama yako